Mita Moja

Nyumba ninayopanga Tabata Kimanga ina vyumba saba na mita moja ya umeme.
Nikichomeka pasi, feni ya Mshamu inapumua kwa shida,
na Tunu wa chumba cha uani, anayesuka watu nywele mpaka saa tano,
anagonga ukuta: "Wewe wa kompyuta, chomoa!"
Hakuna aliyemtuma.
Giza limemtuma.

Kazi yangu nimeielewea kwenye korido ile.

Ofisini Kijitonyama tuna hazina saba za msimbo:
ya ada, ya risiti, ya ujumbe wa simu, ya madeni ya maji,
na nyingine tatu nilizozikuta, sikuuliza.
Kila moja ina mlango wake na kufuli lake,
na zote zinanyonya waya mmoja.

Zamani, anasema Lusajo, mtu alibadili mstari Ijumaa saa kumi,
akafunga begi, akaenda zake kula mishikaki,
na Jumatatu ndiyo tukajua mtaa mzima Buguruni umelipa maji mara mbili.
King'ora chetu siku hizo kilikuwa watu.
Walikuja na risiti mkononi, wakapanga foleni juani,
wakakuita "mwanangu"
kwa sauti inayouma kuliko tusi.

Sasa nabadili neno moja kwenye ada, nasukuma,
na kabla sijatua kikombe
mashine nisiyojua imelala wapi inaamka bila kuamshwa,
inabisha hodi kwa risiti: mko salama huko?
Inabisha kwa madeni. Inabisha kwa ujumbe.
Kijani. Kijani. Kijani.
Sijamwambia mtu kitu.
Badiliko limejisema lenyewe.

Jana usiku, saa nne, nikiwa chumbani,
nilifupisha hesabu ya ada:
mistari kumi na mmoja ikawa minne.
Nikajiona fundi. Nikachomeka pasi ninyooshe shati la kesho.
Hazina sita zikaitika.
Ya saba ikagoma, nyekundu,
kwenye faili ambalo sijawahi kulifungua,
jaribio lenye jina refu kama la kanga:
*shilingi_hamsini_za_bi_sikudhani*.

Aliyeliandika ni Kokugonza.
Aliacha kazi kabla yangu; meza yake ndiyo yangu,
kibanio chake cha nywele bado kipo kwenye droo.
Chini ya jina ameacha maneno mawili matatu:
"Usikadirie hapa. Tulikadiria kwenda juu,
Bi Sikudhani akaonekana anadaiwa hamsini,
akakatiwa maji siku ya matanga ya mumewe.
Nilimpelekea ndoo mbili kwa bajaji. Hazikutosha."

Nikabaki nalitazama jina lile.
Sikudhani. Nami sikudhani.
Mwanamke nisiyemjua, Kokugonza nisiyewahi kumwona,
wamenisubiri miaka mitatu nyuma ya mlango mmoja
ili niguse hesabu hii, usiku huu, waseme: hapana.

Nikarudisha mistari yote kumi na mmoja,
hata ule wa sita, unaochukiza macho.
Nikasukuma tena.
Moja, mbili, tatu... nikaanza kuhesabu milango,
na kabla ya wa saba kujibu
ukuta ukagongwa.

Pasi.
Nikachomoa.