Swali la Saba

Fomu mia mbili na kumi na mbili, zimerudi zote.
"Usiandike jina lako," tuliwaambia,
na hawakuandika. Watiifu, wasichana wa Ibra.
Penseli moja kila dawati, dakika ishirini,
kiyoyozi kikikoroma juu kama mgeni aliyeshiba.

Katika wiki mbili zilizopita nimejihisi mchangamfu.
Kamwe. Mara chache. Mara nyingi. Daima.
Visanduku vinne, na roho ijikunje iingie kimoja,
isichomoze hata kidole nje ya mstari.

Kazi yangu mimi ni kujumlisha.
Nimekaa sebuleni, Hilal kalala, chai imeota utando,
nafuata safu kwa rula: tatu, tatu, nne, tatu,
hadi hii yenye tundu.

Swali la saba: Nyumbani nina mtu wa kumweleza yanayonisibu.
Amejaza, akafuta. Akajaza. Akafuta
hata karatasi ikatoboka,
na ndani ya tundu nikaona ua
la kitambaa cha meza yangu.

Pembeni, kwa herufi za Kiarabu, maneno ya Kiswahili,
madogo, yameinama:
si haba.

Nikacheka peke yangu. Halafu sikucheka.

Hujambo? Sijambo.
Nani katika ukoo wetu aliwahi kujibu vingine?
Mama alisema sijambo na mkono umefungwa plasta.
Alisema sijambo siku ya tatu ya matanga ya baba,
na aliyeuliza akaridhika, akapokea kahawa,
akachagua tende.
Tangu tujue kusema tunajaza fomu
yenye kisanduku kimoja.

Mwongozo uko wazi, ukurasa wa kumi na moja:
jibu lisiloingia popote, andika tisini na tisa,
mashine italiruka.
Nimeandika. Kwa penseli.
Kisha nimefuta na mimi, polepole,
nisije nikaliongeza tundu.

Jumapili, mapumziko ya kwanza,
nitasimama karibu na dirisha la duka la shule,
penye foleni ya sambusa na maziwa ya mgando.
Sitauliza ni nani. Tuliwaahidi.
Nitajipepea tu na daftari la mahudhurio
na kusema kwa lugha ya nyumbani,
si kwa nguvu, ila kwa kusikika,
"Jamani, joto la leo!"
nione shingo ngapi zitageuka.