Ua La, Ua Wa

Jumamosi ya Mei tulijipakia garini, watu watano
na mbwa asiyealikwa, twende tukanunue ua.
Jagoda, mwenye miaka sita, alidhani ni ua la:
la waridi, la kuwekwa dirishani.
Baba yake alikusudia ua wa:
wa kijani, mzito, usiopitisha jicho,
wa kutuziba tusimwone Wiesław tena hadi kufa.

Kisa ni taa. Taa ya uani kwake,
nyeupe kama ya chumba cha upasuaji,
huwaka usiku kucha, huingia kitandani mwetu
ikalala katikati yangu na Zdzisław.
Naye Wiesław ana orodha yake:
trampolini ya Kacper, jogoo wa mama mkwe,
moshi wa soseji zetu juu ya shuka zake zilizoanikwa.
Miaka miwili hatujasalimiana. Tunapishana
kila mtu akikagua viatu vyake.

Kitalu kiko nje ya Lubartów, nyuma ya kituo cha mafuta.
Ukiingia banda la nailoni miwani inashika ukungu
na dunia inabaki harufu tu: mboji mbichi,
majani ya nyanya, bomba la mpira lililochomwa na jua.
Mama mkwe, Bogumiła, alitutoroka papo hapo
akaenda kuifinya miche mashavu
na kuiuliza wazazi wake ni akina nani.
Kacper alijaza kokoto mifukoni.
Jagoda alisimama mbele ya begonia yenye jani lililoraruka
akaiambia, Usilie, tunalipa sasa hivi.

Mimi nikasukuma toroli, gurudumu moja likilia,
hadi safu ya mwisho, penye saipresi changa
vyunguni mwao, wima, kama watoto wa kipaimara.
Na hapo, mkono juu ya mche wa ishirini,
alikuwepo Wiesław.
Na mkewe Halszka. Na toroli lao. Na saipresi kumi na tisa.

Hakuna kimya kama kimya cha kitalu:
unasikia maji yakishuka ndani ya udongo.
Zdzisław alikohoa. Wiesław akakohoa kumjibu.
Nami, Mungu nisamehe, nikahisi kicheko kinanipanda
kutoka vidole vya miguu. Nikamtazama Halszka:
ameuma ncha ya skafu yake
na mabega yanamtikisika.

Mwenye kitalu, mama aliyevaa glavu zisizofanana,
hakujua lolote. Aliuliza tu, penseli sikioni:
"Si mpaka wenu ni mmoja? Safu mbili za nini?
Mizizi itanyongana. Chukueni moja, mgawane bei."

Wanaume wawili wakapiga hesabu kichwani.
Hesabu ni kitu kizuri. Haina kinyongo.

Tulirudi na miti ishirini kwenye trela lao,
Bogumiła amekaa mbele na Wiesław, akimsimulia jogoo
(naye, nasikia, aliuliza anakula nini),
na Jagoda, begonia magotini,
yeye peke yake
aliyepata ua alilolifuata.

Sasa ni Agosti. Ua umefika gotini.
Mwenye kitalu alisema, baada ya kupokea fedha,
kwamba utahitaji miaka saba kumfikia mtu machoni.
Kumwagilia ni kwa zamu: sisi Jumatatu na Alhamisi,
wao Jumanne, na Jumamosi yule anayekumbuka.
Taa bado inawaka. Ila juzi usiku
iligeuzwa kidogo, kama mtu anayegeuza uso apige chafya,
ikamulika miche, miche tu,
na chumbani mwetu kukaingia giza geni.
Zdzisław hakupata usingizi.
Alisema hajalizoea.