Lakabu

Saa nane usiku, Ngara, ghorofa ya tatu.
Feni ya seva inakoroma kama mlinzi aliyeshiba.
Kwamboka wa zahanati amepiga simu mara mbili:
"Tukifungua miadi, tunaletewa ukurasa wa mwaka juzi.
Wagonjwa walioko kwao wanaona mpya.
Sisi wenye zahanati ndio hatuoni."

Nikakuuliza, seva, kwa vidole:
miadi yuko wapi?
Ukajibu hata sijainua kikombe.
Miadi ni lakabu. Jina lake halisi ni rejista,
wa ukoo mwingine,
na huyo ninaye humu humu. Nambari yake hii.

Mafundo mawili, jibu moja,
bila kutoka nje, bila kupiga hodi kwa mtu.
Ndivyo tulivyokufunza:
lakabu ikielekeza kwenye ukoo wa pili,
na daftari la ukoo huo liko rafuni mwako,
usisumbue watu, malizia mwenyewe.

Ila ukoo ule ulihama Machi.
Walifungasha, wakaenda kwa kampuni moja ya Westlands,
hawakuaga. Daftari likabaki.
Walimwengu huanza kuuliza juu, mzizini,
wakaelekezwa makao mapya.
Sisi tunaokuuliza wewe kwanza
unatupeleka kwenye nyumba tupu,
kwa adabu zote, bila kigugumizi.

Sikucheka.
Mtu akiniuliza alipo Makokha, kaka yangu
(Simiti, tulimwita, na jina likamganda)
najibu kabla hajamaliza:
Kayole, mlango wa buluu, kando ya kinu cha unga.
Krismasi nilibisha pale.
Akafungua mtoto nisiyemjua, mdomo umejaa andazi:
"Simiti ni nini?"
Na wiki jana tu nimemwelekeza mtu mlango uleule.

Saa nane na nusu. Nimelifuta daftari.
Nikakuuliza tena, miadi yuko wapi,
na kwa mara ya kwanza ukasita.
Miadi ni lakabu. Jina halisi, rejista.
Huyo sinaye.
Ngoja niulize.

Ukarudi na nambari ngeni. Kwamboka akafungua,
akasema "eeh," akakata simu bila asante.

Nami nimekaa na simu mkononi,
nimeliangalia jina la shangazi wa Malaba.
Saa tisa kasorobo.
Nani humwamsha shangazi saa hizi
kumuuliza nduguye mwenyewe anaishi wapi?