Mkorosho Wenye X

Visu vinne, kama ganda la ndizi linalojifunga upya,
vinashuka mchangani Kitangari.
Kikatapila changu hakizidi bajaji kwa upana;
watoto wanakicheka, mpaka haidroliki ikohoe.

Bi Somoe Nankondo alikataa fidia.
"Hela nitaila Ramadhani hii, iishe.
Huu mti una miaka mitatu, nimeubebesha mwenyewe.
Uhamishe."

Nikamwambia ukweli wa mashine:
visu vyangu vinafika goti na shibiri,
mzizi mkuu haukijui kipimo hicho.
Akasema, "Wewe kata. Hata mimi nilikatwa,
nikaolewa Nanyamba, nikarudi. Si nipo?"

Nikakata.
Mlio ulikuwa mdogo,
kama muhogo mbichi ukivunjwa chumba cha pili.
Donge likainuka likivuja mchanga,
nikalipeleka mwendo wa jeneza, mita mia mbili,
yeye mbele akiondoa vijiti njiani,
mpaka kwenye shimo nililolichimba asubuhi
kwa visu vilevile.

Ndoo kumi na mbili za maji ya kununua.
Mbili nililipa mimi. Msimamizi asijue.

Nilipozima injini ndipo nikaona:
mkorosho umehama na X yake nyekundu,
ile ya wapima barabara.
Bi Somoe ameshapiga magoti, gunzi la mahindi mkononi,
anaisugua, anaitemea mate, anaisugua.

"Wasije wakadhani barabara inanifuata."