Simu Arobaini na Moja

Umeme ulirudi Kadutu saa nane za usiku,
bila hodi, kama kawaida yake.
Nilikuwa nimelala kibandani kwa ajili ya wezi,
kichwa juu ya daftari la wateja,
na simu za watu zikaanza kuamka ubaoni
moja moja, kama vifaranga.

Ya kwanza kutetemeka, namba tisa: Papa Murhula, fundi viatu.
Kisha kumi na mbili.
Kisha ubao mzima ukanguruma
nikadhani kuna msiba mjini.

Msiba ulikuwa mimi.

Namba ishirini haina kufuli, ni ya mtoto wa shule.
Kioo kikawaka chenyewe, nikajiona:
uso wangu, na kovu la mafuta ya sambaza karibu na sikio,
umebandikwa juu ya mwili nisioujua.
Chini, jina langu lote, Nabintu binti Cibalonza
(hata mama hawakumwacha),
na bei.

Jumanne nilisema redioni dakika tatu.
Niliuliza pesa ya choo cha soko inaenda wapi,
na kwa nini mlinzi wake ana mikono mirefu kuliko ufagio.
Habari ya choo hakuna aliyenijibu.

Nilisoma yote, kama ulimi unavyorudi kwenye jino bovu.
Mmoja ameweka kicheko na mstari wa Biblia pamoja.
Mwingine: *Tunapajua unapolala. Tutakuja wane.*
Huyu namjua. Hata karatasi ya deni lake
aliandika hivyo hivyo, n moja.

Nikatazama nyaya.
Mkono wangu ndio uliochomeka kila moja,
franka mia tano kwa usiku,
nawalisha moto wa kuniunguza.
Nikashika swichi.

Kilichonizuia si huruma kwao.
Ni yule mwanamke wa pili, asiye na kichwa.
Nani alimkata shingo ili mimi nikae juu yake?
Ana alama ya chanjo begani,
ana kitovu kama cha dada yangu.
Labda yuko Uvira, anachambua mchele,
hajui kwamba usiku huu anapandishwa milima ya Bukavu
kwa jina langu.
Nikaweka kiganja juu ya kioo, nimfunike.

Asubuhi mvua. Mama akashuka ngazi za matope na uji.
Yeye hana simu.
"Wanasema uko uchi humo ndani."
Akanipima toka kitambaa cha kichwa hadi kambambili.
"Mbona mimi nakuona umevaa?"
Akakaa juu ya jerikani mlangoni, hakuondoka.

Wakaja. Foleni nzima macho yamepata kazi kwenye matope.
Nikasoma daftari kwa sauti, majina kamili,
kama walivyosoma langu.
"Bisimwa Mugisho, thelathini na tatu. Imejaa."
Akanyoosha mkono. Nikaishikilia kidogo.
"Wanne," nikamwambia, "ni n mbili."
Nyuma yake mtu alikohoa.

Mtoto wa namba ishirini alikuwa wa mwisho.
Akafuta mbele yangu, kidole kinatetemeka.
"Yaya, kwa wengine bado iko."
Najua, nikasema. Nenda, utachelewa shule.

Ya arobaini na moja ni yangu.
Iko chini ya daftari, imezimwa tangu Jumatano.
Saa tano watu wa redio watapiga.
Waya uko mkononi mwangu.
Mama anapuliza uji, hasemi kitu.