K na Z

Kosa lilikuwa langu, nalikiri.
Saa nne usiku, taa ya sola ikififia,
nilichapa bango la gombolola letu, Bwera:
KARIBU MWEZEKAJI.
Z ilikalia kiti cha K, K ikahamia kwa Z,
nami nikaenda zangu kulala.

Mkuu aliitaka lugha ya soko la Mpondwe,
ile wanayouziana kahawa na vitenge
watu wa huku na wa ng'ambo ya mto Lhubiriha,
mgeni aone kwamba tumeerevuka.

Asubuhi, viti havijapangwa,
akafika Thembo, ngazi begani,
misumari ya kofia ndani ya kopo la maziwa ya unga,
nyundo kiunoni.
"Nimeitwa," akasema. "Niezeke wapi?"

Karani wa kodi alicheka hata chai ikampanda puani.
Mimi nilimvuta Thembo kando, uso ukiniwaka.
Neno lenyewe, nikamwambia, ni la kuweka.
Weka, kama Ithungu anavyoweka debe la maharage uvunguni,
ya mbegu hayo,
wanawe walale njaa, wasilale, debe halifunguliwi.
Wekeza, ni kuweka kitu kisikae bure,
kihangaike kwa niaba yako ukiwa umelala.
Na hiyo -ji ya mkiani ni ya mazoea:
mwindaji si mtu aliyeponda panya mmoja kwa bahati,
msomaji si aliyesoma barua moja ya deni.
Mwekezaji huweka,
kesho akaweka tena.

Thembo akajikuna kidevu kwa mpini wa nyundo.
"Na huyu wenu, ameweka nini?"

Aliwasili saa nane, gari jeupe, viatu vyeupe.
Akaweka miwani mezani.
Akaweka mkono begani mwa mkuu, picha ikapigwa.
Akasema mteremko ule wa kahawa, kule juu kwa Kabugho,
ni ardhi iliyolala.

"Imelala?"
Kabugho alikuwa kiti cha nyuma kabisa, na hakuomba ruhusa.
"Nilipanda miche nikiwa na mimba ya Mbusa.
Mtoto akakaa, akatambaa, akaniita mama,
mbuni haujanipa hata punje moja.
Miaka mitatu naweka mgongo, naweka samadi,
naweka usiku wangu kufukuza mbuzi wa watu.
Hakuna aliyenitundikia kitambaa mlangoni.
Mimi mnaniitaje?"

Mkuu akakohoa.
Mimi, mwenye maneno, nilitazama kalamu.

Ndipo Rwenzori ikatufunulia mvua yake,
ile isiyobisha hodi,
na bati la ukumbi, tunalolijua sote, likaanza:
tone kwenye hotuba, tone kwenye soda,
tone refu juu ya mstari wa saini.
Mgeni alizikunja karatasi kwapani.
Angerudi Agosti, alisema.
Agosti imepita mara mbili,
ingawa Kabugho bado hulala na dirisha wazi
asikie kama kuna gari linalopanda.

Thembo hakuagizwa na mtu.
Tulimsikia tu juu ya vichwa vyetu,
nyundo na mvua zikibishana,
kisha nyundo peke yake.

Misumari kumi na saba, yote yake.
Hajalipwa hata nusu msumari,
na kila mwezi mkuu husema fungu halijashuka.
Watoto wa shule hufanyia mtihani humo,
karatasi zao kavu.

Juzi, kwenye daftari la madeni, nimeandika:
Misumari 17. Mwekezaji, Thembo.
Karani aliinama, akaweka kidole pale pale,
akauliza kama nimeshakosea tena herufi.

Nilimwambia angojee mvua.