Upande wa Kulia

Hela za mnada wa pili zilipoingia,
korosho zimeshaondoka ghalani, nami nimebaki na karatasi,
nilimfuata shemeji Dadi nikamwambia: nataka kuzamia.
"Nini?"
Nikahamia upande wake wa kulia.
Nataka kuzamia. Kuchoma samaki.
Akanitazama tumbo, kisha akatafuta kandambili zake.

Kivuko cha Msangamkuu kilituvusha pamoja na mbuzi watatu.
Sokoni Mtwara, kwa muuza mitumba ya baharini,
miwani ilining'inia kama popo.
Nikaipenda ya buluu, ndogo, nyepesi.
Dadi akaishika kwa vidole viwili, kama panya aliyekufa.
"Hii haina pua. Ukishuka itakunyonya macho,
utaibuka mwekundu, watu waseme umelewa.
Yenye pua unaipulizia kidogo, inatulia.
Na ukiwa na mafua, lala nyumbani.
Mimi nilishuka na mafua, kina cha mnazi mmoja,
nikasikia ta! kama korosho motoni.
Tangu siku hiyo watu wa kushoto wananidai salamu."

Basi nikawa nabandika miwani usoni bila kufunga mkanda,
navuta pumzi kwa pua, naachia mikono.
Ya kwanza ikadondoka. Ya pili. Ya tatu.
Ya tano, yenye mchubuko kwenye kioo,
iliniganda kama mtoto wa mgongoni.
"Na hayo masharubu," Dadi akasema,
"uyanyoe, au ununue mafuta ya mgando."

Muuzaji akaleta suti nyeusi ya mpira, inanuka tairi.
Wageni hawaingii majini bila hii, bosi.
"Maji ya kwetu ni uji uliopoa," Dadi akamjibu.
"Atavaa jezi ya mikono mirefu,
jua lisimchune mgongo, konyeza wasimwandike."

Mapezi marefu ya kijani nikayaacha kwa uchungu.
Mguu wako bado wa shambani, nikaambiwa;
chukua mafupi, yanayokunjika, uvae na soksi.

Muuzaji akachomoa mkuki mrefu kuliko mlango.
Fimbo ya mbali haiui nyoka, akasema,
kwa hiyo chukua inayofika.
"Inafika wapi? Kwenye matumbawe utakuwa unachokoa dari."
Tukachukua fito fupi kuniliko, mpira mmoja,
ncha ya nondo tukampelekea fundi baiskeli ainoe.

Risasi za kiunoni nilitaka kilo sita.
Dadi akauliza taratibu, kama karani:
"Ukizimia, unataka kuelea au kukaa?"
Nikachukua mbili.

Halafu akasimama kwa mama muuza mihogo,
akaomba dumu la njano lililokwisha mafuta.
Kila kitu siku ile alikuwa amekigombania mpaka mate yakamkauka.
Dumu aliambiwa elfu moja, akatoa elfu moja.
Akalifunga kamba mita ishirini, fundo juu ya fundo:
"Hili litakufuata juu. Wenye injini walione."
Nikamkumbuka mdogo wake, Shazili, na ile boti.
Nikanyamaza, upande wa kulia.

Kesho yake maji yalikuwa mafu, meupe hadi chini.
Nikabana pua, nikapuliza; masikio yakafunguka
kama mlango wa stoo.
Pono mmoja alikuwa anatafuna jiwe. Nilimsikia akitafuna!
Nikavuta mpira, nikaachia, nikapata jiwe.
Pono akasogea hatua mbili, akaendelea kula.
Dadi alikuwa pembeni yangu, nami nipo kushoto kwake,
nikamwonyesha kidole: pale.
Akageuka. Akatikisa kichwa: mwache, pumzi imekwisha, panda.
Yote hayo bila mtu kumhamia mtu.

Tulirudi na ncha iliyopinda
na dumu, ambalo halikuwa na hata mkwaruzo.
Mke wangu alikuwa mlangoni na sufuria tayari,
akamuuliza kaka yake: mmeleta nini?
Alisimama kushoto. Dadi hakusikia.
Mimi nilisikia vizuri tu.